Gemu za Kuvaa Usoni: Mbona Tamu Hivyo?

Leo tunaongelea gemu. Usishangae kuzikuta kwenye jarida la afya. Kitu chochote kinachoweza kukufanya usahau njaa, usahau saa na usahau kwamba kesho kuna mtihani wa Baiolojia, hicho kinahusu afya yako. Au siyo?

Na hatuongelei zile gemu za pedi kwenye kibanda cha PlayStation pale stendi. Tunaongelea gemu za kuvaa usoni, yaani gemu za uhalisia pepe. Wenyewe wanaziita VR. Kama unasoma Kahama, Katoro, Geita au Shinyanga mjini, huenda hujawahi kuzigusa. Umeziona tu kwenye simu: mtu kavaa dude kama miwani ya mchomea vyuma, anarusha mikono hewani utadhani anafukuza nyuki. Wewe unacheka, yeye hana habari. Yuko dunia nyingine kabisa.

Swali letu ni moja: utamu wa gemu hizi unatoka wapi? Ukilijua jibu, utajua pia utamu huo unaweza kukusaidia nini, na ni wakati gani unaanza kukuumiza. Jibu hilo litakufaa hata kama hutavaa miwani hiyo maisha yako yote, kwa sababu utamu wa aina hiyohiyo unauzwa kwa sura nyingine mtaani kwenu.

UBONGO UNADANGANYWAJE?

Jaribu jambo hili sasa hivi. Inua kidole kimoja mbele ya pua yako, umbali wa rula moja. Funga jicho la kushoto, kiangalie. Halafu fumbua hilo, funga la kulia. Umeona? Kidole kinaruka! Hakijaruka lolote. Kila jicho linaona picha yake, tofauti kidogo na ya mwenzake. Ubongo huziunganisha picha hizo mbili na kutumia ile tofauti kupima umbali. Mwingereza Charles Wheatstone alilieleza jambo hili mwaka 1838, akatengeneza na kifaa cha kulionyesha.

Miwani ya VR inatumia ujanja huohuo. Ndani yake kuna lenzi mbili na skrini. Jicho la kulia linapewa picha yake, la kushoto linapewa yake, na ubongo unasema: "Mbele yangu kuna kitu, tena kiko mbali."

Lakini hiyo peke yake haitoshi. Sinema haigeuki unapogeuza kichwa. Miwani hii ina vihisi vinavyojua kichwa chako kimeelekea wapi. Ukitazama juu, unaona mbingu. Ukigeuka nyuma, unaona kilichoko nyuma. Na lazima vifanye haraka. Sinema ya kawaida hupitisha picha 24 kwa sekunde. Miwani mingi ya siku hizi hupitisha kati ya 72 na 120. Ukigeuza kichwa na picha ikachelewa hata sehemu ndogo tu ya sekunde, ubongo unashtuka kwamba unachezewa, na tumbo linaanza kuvuruga.

Ndiyo maana ilichukua miaka mingi kufika hapa. Mwaka 1968 Mmarekani Ivan Sutherland alitengeneza kifaa cha kuvaa kichwani, kizito mpaka kikaning'inizwa kwenye dari. Mwaka 1995 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Virtual Boy, yenye picha nyekundu na nyeusi tupu. Watu walilalamika kuumwa kichwa, ikaondolewa sokoni haraka. Vifaa vinavyomdanganya mtu vizuri vilianza kuuzwa kwa wingi mwaka 2016.

Sasa sikia jambo la ajabu. Anayevaa miwani hiyo anajua kabisa kwamba anadanganywa. Anajua yuko sebuleni. Lakini sehemu ya ubongo inayolinda mwili haisubiri maelezo. Ikiona shimo, inasema "shimo!" Hapo ndipo utamu unapoanzia: ubongo unaamini, mwili uko salama.

RAHA ZENYEWE NI HIZI

Tukiangalia gemu zinazopendwa sana, tunaona kila moja inagusa raha yake.

Raha ya kwanza ni MDUNDO. Gemu maarufu kuliko nyingi ni Beat Saber, iliyotengenezwa Prague, Jamhuri ya Cheki, na kuanza kuuzwa mwaka 2018. Unashika kama panga mbili za mwanga, muziki unapigwa, na vibweta vinakujia kwa kufuata mdundo. Kazi yako ni kuvikata. Dakika kumi tu jasho linakutoka, lakini huoni kama umefanya kazi.

Wewe unayetoka Usukumani hili unalijua tangu zamani. Bugobogobo ni nini? Ni ngoma ya majembe. Watu walilima shamba kubwa kwa kufuata ngoma, jembe likipanda na kushuka kwa mdundo, na uchovu ukakosa nafasi. Beat Saber imekuja na umeme, lakini siri ni ileile: mwili ukishika mdundo, kazi inageuka mchezo.

Raha ya pili ni HOFU ISIYOUA. Kuna gemu ya Australia ya mwaka 2016, Richie's Plank Experience. Unapanda lifti mpaka juu ya ghorofa ndefu. Mlango unafunguka, mbele yako kuna ubao mwembamba unaotokeza hewani. Tembea! Mtu mzima, mwenye ndevu zake, anatetemeka magoti juu ya sakafu ya nyumbani kwake. Moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa. Akivua miwani anacheka mpaka machozi. Mwili ulimwaga homoni ya hofu, hatari haikuwepo, na kinachobaki ni nafuu tamu.

Raha ya tatu ni KUKIMBIZANA NA WENZAKO. Gorilla Tag ilianza kupatikana mwaka 2021. Humo wewe ni sokwe usiye na miguu. Unatembea kwa kusukuma ardhi na miti kwa mikono yako mwenyewe. Aliyeguswa anageuka kuwa mkimbizaji. Basi! Hiyo si kidali po? Ni kidali po hasa. Gemu iliyowapagawisha vijana duniani ni ile uliyocheza darasa la pili bila kulipa hata senti. Walichoongeza ni kwamba mwenzako anaweza kuwa Nairobi na wewe uko Toronto.

Raha ya nne ni KUIGIZA UKUBWA. Kwenye Job Simulator ya mwaka 2016 unakuwa mpishi, fundi magari, muuza duka au mfanyakazi wa ofisini, na unaruhusiwa kuharibu kila kitu. Watoto wanaocheza kujipikilisha kwa mchanga na vifuu vya nazi wanafanya nini? Ndiyo hayohayo.

Na raha ya tano imo ndani ya zote: UNAONA UNAVYOKUA. Leo umekosa vibweta kumi, kesho saba, keshokutwa viwili. Kila mara gemu inaongeza ugumu kidogo tu, si sana mpaka ukate tamaa, si kidogo mpaka uchoke. Mchezaji wa isolo au bao anaifahamu raha hii. Unapofungwa unajua ulikosea shimo gani, na kesho hurudii.

UTAMU UNAOTIBU

Kama ubongo unaweza kudanganywa kiasi hicho, madaktari nao wakajiuliza: je, tunaweza kuudanganya kwa faida yake?

Mtu aliyeungua moto hupata maumivu makali sana wakati wa kusafishwa vidonda. Kuanzia mwaka 1996, Hunter Hoffman na David Patterson wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Marekani, walianza kuwavalisha wagonjwa wa namna hiyo miwani ya VR. Baadaye ikatengenezwa gemu maalumu inayoitwa SnowWorld. Mgonjwa anapita kwenye bonde la barafu na theluji, akirushia mipira ya theluji sanamu za theluji na ndege wa barafuni, huku muuguzi anasafisha kidonda. Wagonjwa waliripoti maumivu kupungua sana wakiwa ndani ya gemu. Kidonda ni kilekile, lakini maumivu yanahitaji umakini wako ili uyasikie, na umakini umekwenda kurusha theluji. Dawa za maumivu waliendelea kupewa. Gemu ilikuwa msaidizi wa dawa.

Mwaka 1995 Barbara Rothbaum na wenzake, hukohuko Marekani, walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wa chuo wanaoogopa kupanda juu. Waliwapandisha ngazi kwa ngazi kwenye madaraja na lifti za kwenye miwani. Hofu ilipungua.

Kwa hiyo mtu akikuambia gemu zote ni ujinga, mwambie kwa heshima kwamba siyo hivyo. Ila usiishie hapo, soma na upande wa pili.

HOFU YA KUCHEZA NA HOFU YA DUARANI

Wewe unayeishi kwenye ukanda wa dhahabu unajua kwamba hofu si ya kwenye miwani tu. Mwezi Oktoba 2015 mgodi wa wachimbaji wadogo uliporomoka Nyangarata, wilayani Kahama. Watu watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Januari 2017 wachimbaji 15 walifukiwa Nyarugusu, Geita, wakaokolewa baada ya siku kadhaa. Wengine wengi, miaka mingine, hawakuokolewa.

Kwenye gemu, ubao ukikuangusha unabonyeza kitufe, unaanza upya. Duarani hakuna kuanza upya. Tunasema hivi kwa sababu vijana wengine huanza kuliona duara kama gemu: leo nazama, nikitoka na mawe nimeshinda. Ule msisimko wa "labda leo" ni mtamu kwelikweli. Lakini matimba yaliyooza hayajui kama wewe una miaka 16 na shule inafunguliwa Jumatatu. Sheria nayo inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kufanya kazi mgodini.

Hofu isiyoua ina faida yake. Duniani, makampuni makubwa ya migodi huwafundisha madereva wa malori makubwa kwenye mashine za kuigiza kabla ya kuwapa lori lenyewe. Dereva anakosea hapo mara ishirini bila mtu kuumia. Hayo ndiyo matumizi bora ya hofu ya uongo: kujifunza kabla ya hofu ya kweli.

MWILI UKISEMA BASI

Turudi kwenye miwani. Ndani ya sikio lako kuna mifereji mitatu yenye majimaji. Kazi yake ni kuuambia ubongo kama unageuka au umetulia. Zunguka mara kumi, simama ghafla. Dunia inaendelea kuzunguka, kwa sababu yale majimaji hayajatulia bado.

Ukisoma kitabu ndani ya basi la kwenda Mwanza, sikio linasema "tunatembea", jicho linasema "tumetulia kwenye ukurasa". Ubongo unachanganyikiwa, kichefuchefu hicho. Kwenye VR inakuwa kinyume: jicho linasema "tunakimbia", sikio linasema "tumesimama". Matokeo ni yaleyale: kizunguzungu, jasho baridi, kutapika. Basi ukipata nafasi ya kujaribu, shika haya:

- Ukianza kusikia kichefuchefu, vua mara moja. Usijikaze ili washikaji wasikucheke. Kujikaza kunazidisha.

- Anza na dakika tano au kumi. Ukivua, kaa kwanza. Usidandie baiskeli wala bodaboda mpaka kichwa kitulie.

- Ondoa viti, meza na jiko la mkaa karibu yako. Aliyevaa haoni. Mwenzako mmoja awe mlinzi.

- Kama una kifafa, au umewahi kuanguka kwa sababu ya taa za kumwekamweka, usivae bila kumwuliza daktari.

- Miwani ya kushirikiana inagusa uso na macho ya kila mtu. Mwanzoni mwa 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulisambaa nchini, na Wizara ya Afya ikatahadharisha watu. Ifutwe kila inapobadilisha mtu. Mwenye macho mekundu asivae, na wewe usivae baada yake.

- Kwenye gemu za pamoja unaongea na watu usiowajua. Sokwe mwenye sauti nzuri anaweza kuwa mtu mzima mwenye nia mbaya. Usimtajie jina lako kamili, shule wala namba ya simu. Akikuomba picha, ondoka na umwambie mtu mzima unayemwamini. Dada zetu, hili liko juu yenu zaidi, lakini wavulana nao hawajasalimika.

GEMU AMBAYO SI GEMU

Tulisema utamu huu unauzwa kwa sura nyingine mtaani. Sasa tuitaje: mashine za bonanza. Zipo kwenye vibanda, kwenye maduka, karibu na vilabu. Taa zinawakawaka, muziki unalia, sarafu zinaanguka kwa kelele. Na siku hizi kamari imehamia hadi kwenye simu, kidege kinapaa na wewe unaangalia pesa inavyopanda.

Inaonekana kama gemu. Inalia kama gemu. Lakini rudia zile raha tano. Unaona unavyokua? Hapana. Mtu aliyecheza bonanza miaka mitatu hana ujuzi wowote kumzidi aliyeanza leo asubuhi. Mashine haikufundishi kitu. Imepangwa ili, kwa jumla, ibaki na pesa nyingi kuliko inazotoa. Mwenye mashine angekula nini vinginevyo?

Mbona basi inashika watu? Katikati ya karne ya 20 mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alifanya majaribio na njiwa. Njiwa anayepata punje kila akidonoa kitufe hudonoa akiwa na njaa tu. Anayepata punje mara mojamoja, bila kujua lini, hudonoa bila kupumzika. Mashine inakufanya njiwa. Halafu inakuonyesha picha mbili zilizolingana na ya tatu imepita kidogo tu. Unasema "Aaa, karibu!" Hakuna karibu. Umeliwa.

Piga hesabu. Shilingi 1,000 kila siku ya shule, siku tano kwa wiki, kwa wiki nne ni shilingi 20,000. Hiyo ni madaftari ya muhula mzima, na chenji inabaki. Na kisheria, mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa kucheza michezo ya kubahatisha Tanzania. Anayekuruhusu anavunja sheria, na wewe ndiye unayeumia.

JIPIME

Chukua kalamu, jibu kwa ukweli. Iwe ni gemu ya miwani, ya kibandani au ya kwenye simu:

1. Je, nikipanga kucheza nusu saa, naishia saa tatu?

2. Je, nimeacha mpira, kwaya, marafiki au kujisomea kwa sababu ya gemu?

3. Je, naendelea ingawa nimefeli, nimegombana nyumbani au silali?

4. Je, nimewahi kudanganya au kuchukua pesa isiyo yangu ili nicheze?

Maswali matatu ya kwanza hayakutoka hewani. Shirika la Afya Duniani liliingiza tatizo la kushindwa kujizuia na gemu kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Wanaangalia hayo matatu: umeshindwa kujizuia, gemu imetangulia mambo mengine yote, na unaendelea ingawa inakuumiza. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi. Kwa hiyo kupenda gemu si ugonjwa. Kucheza sana wakati wa likizo si ugonjwa. Lakini kama umejibu "ndiyo" mara mbili au zaidi, zungumza na mtu: mzazi, mwalimu wa ushauri, muuguzi wa zahanati. Unaweza pia kupiga simu namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure. Si aibu, aibu ni kuzama kimya kimya.

HUNA MIWANI? USIKONDE

Miwani ya Quest 3S ilipotoka Oktoba 2024 iliuzwa kuanzia karibu dola 300 kule Marekani. Hiyo ni zaidi ya shilingi laki saba, bila usafiri wala ushuru. Usimsumbue mama, na usizame duarani kwa ajili yake.

Kuna njia rahisi. Mwaka 2014 Google ilionyesha Cardboard, miwani ya boksi gumu yenye lenzi mbili, ambayo ndani unaweka simu yenyewe. Google haiuzi tena, lakini michoro yake ilitolewa bure, na fundi wa klabu ya sayansi anaweza kukata boksi akitafuta lenzi mbili. Mwombe mwalimu wa Fizikia. Somo la lenzi mtalielewa siku hiyohiyo.

Na hata hilo likishindikana, zile raha tano zipo bure. Mdundo upo kwenye ngoma. Kukimbizana kupo uwanjani. Kuigiza kupo kwenye klabu ya maigizo. Kukua kupo kwenye isolo, na hata kwenye Hisabati, ukiichukua hatua kwa hatua. Wazee wa Usukumani waliligundua hili muda mrefu. Bagika na Bagalu walipokutana kushindana ngoma, kila kundi lilicheza upande wake kwa wakati mmoja, na lililovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Kulikuwa na mdundo, kulikuwa na nyoka wa kutisha mikononi mwa wachezaji, kulikuwa na wapinzani na ujuzi wa kuonyesha.

Basi mshikaji, cheza. Ujana bila michezo haunogi. Ila kila unapokaa kwenye gemu yoyote jiulize swali moja fupi: hapa nacheza, au nachezwa?